Kompyuta za Mazuku na Turubai la Wenceslas

Wauza kompyuta wa Birere, lile soko la Goma lililobanana kando ya mpaka wa Rwanda, walimjua Mama Apolline Katungu kwa jambo moja. Akija kununua mashine alikuja na jiko lake la makaa, sufuria na maharage.

Mwanzoni walimcheka, na mimi siwalaumu. Mama mzima, mnunuzi wa maabara ya watu waliosoma, anaketi mlangoni mwa duka na kupepea moto kana kwamba amekuja kuuza chakula! Lakini mwenye kosa, kama lilikuwa kosa, ni mkuu wake, Docta Cirimwami, mtu mpole wa kabila la Washi ambaye alipotania hakucheka, kwa hiyo hukujua kama ametania.

Maabara yao ilikuwa Himbi, karibu na ziwa, na kazi yao ilikuwa mazuku. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkeno. Haina rangi wala harufu. Hutuama mabondeni asubuhi kukiwa hakuna upepo, na mbuzi akishuka humo kula majani haamki tena. Mtoto pia. Docta alikuwa ameipima hewa hiyo kwa miaka, lakini kompyuta zake zilikuwa zile za kuandikia barua. Ukizipa hesabu ya kuonyesha hewa itatuama wapi, zinaganda. Mwaka 2012, vita vya Rutshuru vilipoanza tena na wakimbizi wakajenga vibanda vyao popote penye nafasi, hata mabondeni kwenye njia ya Sake, Docta akapoteza usingizi. Alizungusha maombi hadi wafadhili wakakubali kompyuta tatu kubwa, za kazi ya kisayansi hasa. Walimwambia wazi kwamba hizo zikiharibika au zikiibiwa, wasitafutane tena.

"Docta," Apolline aliuliza, "mi najua kununua mafuta, matairi, hata frigo. Hizi nitajua aje kama ndizo zenyewe?"

Docta akampa flash yenye hesabu ya bonde moja tu. "Weka hii ndani. Machine yenye itamaliza mbele ya maharage kuiva, ile ndiyo tunatafuta."

Alikuwa anatania. Apolline, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, hakuwa na masihara linapokuja suala la kununua. Kesho yake alikuwa mlangoni kwa Sibomana, makaa yamekolea.

Sibomana alimtolea mashine inayowaka taa za buluu pande zote. "Mama Apo, hii ndiyo ya wasavant, watu wa masomo. Angalia mataa yake."

"Mataa sitapikia. Iwashe."

Ikawashwa, flash ikachomekwa, maharage yakatiwa maji. Wateja wakaja wakaenda. Maharage yakachemka, yakalainika, yakaanza kupasuka maganda, na mashine bado inazungusha kiduara chake kwenye kioo.

"Maharage imeiva, Sibomana."

"Labda ni ya mupya, mama. Ya mupya inaivaka mbio."

"Ni ya Kalengera, ya mwaka jana. Leta chumvi tukule."

Wakala pamoja, maana Apolline hakuwa mtu wa kumnyima chakula mtu aliyetaka kumdanganya. Aliporudi tena Sibomana alikuwa ameleta kutoka Kampala sanduku jeusi la chuma, zito, baya kwa sura, lisilo na taa hata moja. Hilo lilimaliza hesabu maharage yakiwa bado magumu. Apolline akaweka kiganja mgongoni mwa mashine, namna unavyompapasa mtoto kuona kama ana homa. Ilikuwa na vuguvugu la kawaida tu.

"Tatu za namna hii," alisema, na Sibomana, ambaye kwa maisha yake yote baadaye aliwasimulia wateja kwamba mashine zake zimepita mtihani wa maharage, akaagiza mbili nyingine.

Hayo maharage ya Kalengera yalikuwa na historia yake, na bila historia hiyo huwezi kumwelewa Apolline.

Mumewe, Wenceslas, alikuwa dereva wa lori. Alipakia maharage huko Kalengera, barabara ya Rutshuru, kwa mama mmoja aitwaye Mukamugema aliyeyakusanya kwa wakulima, na kuyaleta Goma. Alikuwa mtu wa maneno mengi na haraka kidogo, na Apolline alimpenda kwa yote mawili ingawa alimlalamikia kila siku kwa hilo la pili. Katika vita vya 2008 lori lake lilionekana limesimama mbele kidogo ya Kalengera, milango wazi, mzigo haupo, dereva hayupo. Watu walikuwa wameshaanza kufungua matairi. Mukamugema hakuweza kuwazuia, lakini alipanda juu, akakata kamba, akalivuta turubai la lori akalikunja. Barabara ilipofunguliwa alilileta Goma yeye mwenyewe, akaliweka mbele ya Apolline, akakaa naye mpaka jioni. Tangu siku hiyo wakawa ndugu, Mnande wa Butembo na mama wa Kinyarwanda wa Rutshuru, na waliotaka kushangaa walishangaa.

Apolline hakumfanyia Wenceslas matanga. Wazee wa ukoo walishuka kutoka Butembo kumsihi aketi chini, alie, watu wamfariji, jambo liishe. Aliwapikia kuku, akawasikiliza kwa heshima, akawapandisha gari la kurudi. Mwili hawakuuona. Mtu ambaye mwili wake haujaonekana, alisema, amechelewa tu njiani. Turubai alilitunza juu ya dari. Majirani waliliomba kwa harusi, paroko aliliomba kwa sikukuu, na wote walipata jibu lile lile: "Mwenyewe akirudi ataiuliza." Watu wa mtaa wa Mabanga wakazoea, wakaacha kuuliza. Nyuma yake walitikisa kichwa, lakini kwa huruma.

Kompyuta zilifika Himbi katikati ya Novemba, juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wenye magurudumu mawili, zimelazwa juu ya godoro kwa amri ya Apolline. Docta alizitazama akiwa amekunja mikono kifuani, uso umemng'aa. Kisha akapanda boti kwenda Bukavu, alikokuwa na wanafunzi wa kusahihisha, akiahidi kuzifunga akirudi.

Hakuwahi. Vita vikashuka hadi Kibati, nje kidogo ya mji, na watu wote waliokuwa wamekimbilia huko wakamiminika mjini, magodoro vichwani. Mukamugema alikuwa miongoni mwao, na wajukuu zake na majirani wa Kalengera nyuma yake. Walijaa ua wa Apolline, na mvua ikaanza. Apolline alisimama mlangoni akiwatazama watoto wakijibanza chini ya kanga moja. Halafu akaingia ndani, akapanda juu ya kiti, akashusha turubai.

"Nakukopesha tu," alimwambia Mukamugema wakati wanafunga kamba kwenye miti. "Mwenyewe akirudi ataiuliza."

"Najua, dada," alisema Mukamugema, akakaza fundo.

Simu ya Docta iliingia mji ukiwa umeshaanguka mikononi mwa waasi. "Mama Apo, achana na zile machine. Machine haiko mutu. Funga mulango ya bureau, ubakie ku nyumba."

"Ndiyo, Docta," alijibu Apolline, na wakati huo alikuwa tayari njiani kwenda Himbi kutafuta chukudu.

Alijua kitakachofuata. Wenye bunduki wakiingia mji huu, na wakitoka pia, huanza na ofisi za Himbi, maana wanajua ndiko kwenye vitu. Akazitoa mashine kwenye maboksi yake mazuri, akazifunga kwa mikeka na mablanketi, akaweka sufuria juu, akatembea nyuma ya chukudu na kitenge kichwani kama mkimbizi yeyote. Barabara nzima watu walikuwa wamebeba nyumba zao. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kazi ilikuwa kuzificha. Mahali pengine ungechimba shimo. Goma huchimbi, ukipiga jembe, linagonga mwamba wa volkeno na kukurudia. Nyumba ya Apolline ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, na kila anayepita angeweza kuchungulia kati ya ubao na ubao. Akazipanga sebuleni, akatandika shuka nyeupe juu yake, akasimama kuzitazama. Kwa kweli zilionekana kama kompyuta tatu chini ya shuka. Hofu ikamshika. Mabonde yale ya njia ya Sake yalikuwa yanaendelea kujaa vibanda, na kitu pekee cha kuwaambia watu wapi wasilale kilikuwa hapo, kimefunikwa kwa shuka ya kitanda.

Asubuhi hiyo wenye bunduki walikuwa wameanza kupita mtaani ua kwa ua. Siku zile hukuuliza ni wa upande gani. Kelele za mlango unaovunjwa zilikuwa zinasogea.

Ndipo akapita Muzee Nsabimana, kiongozi wa zamani wa kwaya ya parokia. Alitazama uani kwa Apolline akaona turubai limetandazwa, wanawake wameketi chini kwenye mikeka, vitenge vimefungwa kiunoni, sufuria kubwa motoni, watoto kimya kwa njaa. Kwetu mtu akiona hivyo haulizi maana yake, na vita au si vita, hapiti bila kuingia. Muzee akavua kofia, akaingia, akampa Apolline mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Nilikuwa napita, nikaona bashi, hii turubai. Hatukupata habari."

Apolline alifungua kinywa kumwambia, hapana, muzee, hawa ni wakimbizi, na hilo ni turubai la mvua. Lakini langoni walikuwa wameshasimama wanaume wawili na bunduki zao. Akafunga kinywa. Mukamugema, ambaye alikuwa anaona langoni na anaona mlango wa sebule kwa wakati mmoja, akainuka polepole akaingia ndani.

"Hapa kuko nini?" aliuliza mmoja wao.

Muzee Nsabimana alimgeukia bila haraka. "Kilio, mutoto wangu. Vua kofia."

"Nani amekufa?"

Watu wote uani walimtazama Apolline. Hata wale wa Kalengera, ambao walijua vizuri kwamba hakuna aliyekufa, walimtazama wakingoja.

Sasa hapa ndipo mambo yalipomkaba, kwa sababu si kila uongo unasemeka. Kumtaja mtu aliye hai kwenye matanga ni kumwitia kifo. Hata mwizi wa Birere hathubutu. Akamfikiria baba yake, lakini baba yake alizikwa Butembo kwa heshima zote na matanga yake yaliondolewa, na aliyepumzishwa hasumbuliwi. Akawapitia wote aliokuwa nao moyoni, mmoja mmoja, walio hai upande huu na wafu upande ule. Akabaki na jina moja ambalo kwa miaka hakuliweka upande wowote.

"Bwana yangu," alisema. "Wenceslas."

"Mwili iko wapi?"

"Mwili hatukupata. Alibakia ku njia. Kule Kalengera."

Mwanaume yule akampita, akaingia sebuleni. Shuka nyeupe ilikuwa imevutwa ikanyooka, juu yake imewekwa picha ya Wenceslas ile ya siku ya leseni yake, anacheka kwa haraka kama kawaida yake, na mbele ya picha mshumaa unawaka. Mukamugema alikuwa amepiga magoti kando, kichwa chini. Goti la yule mwanaume lilikuwa linakaribia kugusa kompyuta ya chini. Alisimama akiitazama picha, labda alikuwa na wa kwake njiani, sijui. Alivua bereti.

"Pole, mama," alisema akitoka. Mwenzake naye akasema pole. Wakaenda ua wa pili, na huko walichukua televisheni na magodoro yote.

Uani Muzee Nsabimana alikuwa ameanzisha wimbo, na wanawake wa Kalengera, ambao kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyebaki njiani, waliupokea kwa sauti ambayo haikuwa ya kuigiza. Apolline aliinamisha kichwa ili watu wasione kwamba macho yake ni makavu. Hayakuwa makavu. Kilio kilimtoka chini kabisa, kikamshangaza yeye mwenyewe, na Mukamugema akaja akamshika mabega kwa nyuma, wakalia pamoja, bila aibu.

Baadaye, wenye bunduki wakiwa mbali, alimwita Nsabimana kando. "Muzee, kuko kitu napashwa kukuambia."

"Nasikia, mama."

Apolline alitazama juu. Mvua ilikuwa imeacha maji kwenye turubai, na jua lilipita humo likawaangukia watoto. Aliona pale Wenceslas alipopashona kwa uzi wa kamba baada ya kugonga tawi, mshono mbaya wa mtu mwenye haraka.

"Asante kwa kuimba," alisema, akarudi kuketi.

Majirani wakaanza kuja. Mmoja alileta makaa, mwingine sukari, mwingine jogoo pekee aliyemficha chini ya kitanda. Mama wa nyumba ya pili, yule aliyeporwa magodoro, alikuja na chumvi kwa kuwa ndicho alichobakiwa nacho. "Mama Apo," alimwambia, "sisi tulikuwa tunakungojea wewe tu." Wakaketi chini ya turubai, wakamsimulia Wenceslas: namna alivyopiga honi kuanzia kona ya soko ili mke wake aweke chai, namna alivyobishana na polisi mpaka polisi wakacheka. Apolline alicheka mara kadhaa kabla ya kukumbuka kwamba yeye ni mjane.

Waasi walipoondoka mjini, Docta Cirimwami alirudi na boti ya kwanza. Alipita Himbi akakuta hata soketi za ukutani zimeng'olewa. Akaja Mabanga kwa miguu, uso umemshuka, akaona turubai, akaona watu, akaogopa. Alipomwona Apolline yu hai alimwendea moja kwa moja.

"Nani?" aliuliza.

"Wenceslas."

Docta alimjua Wenceslas kama mume anayechelewa. Miaka yote ofisini alisikia kwamba Wenceslas hapendi samaki, Wenceslas atakuja kutengeneza jenereta. Aliketi mkekani na suruali yake ya safari, akapewa sahani ya maharage, akala.

"Machine ziko ku nyumba, chini ya photo," Apolline alimwambia alipomaliza. "Zote tatu. Lakini tutazitoa kesho, matanga ikiisha kuondolewa."

"Mama Apo, sikukuja juu ya machine."

"Najua, Docta. Lakini ziko."

Docta akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kesho yake Apolline mwenyewe aliinua picha ya mumewe kutoka juu ya shuka, akaitundika ukutani, na kompyuta zikarudi Himbi. Kabla ya Krismasi zilikuwa zimetoa ramani ya mabonde, na Docta, Apolline na Mukamugema walizunguka njia ya Sake kibanda kwa kibanda wakiwaambia watu wasogee juu. Docta alieleza kwa Kifaransa kingi na ramani. Waliposita, Mukamugema alieleza upya kwa Kinyarwanda, akiwa mkimbizi kama wao, na wakang'oa miti ya vibanda vyao wakapanda juu. Apolline aliwabebea mikeka.

Barabara ya Rutshuru ilipofunguka kidogo, Mukamugema akaamua kurudi Kalengera kuona kilichobaki cha nyumba yake. Alikuwa amesikia kwamba bati zote zimechukuliwa. Asubuhi ya kuondoka alikuta Apolline ameshafungua kamba uani, analikunja turubai kwa uangalifu, mshono mbaya ukiwa juu.

"Beba. Ni ya kufunika nyumba."

Mukamugema hakulipokea mara moja. Wajukuu walikuwa wameshapanda gari na dereva anapiga honi.

"Dada," alisema taratibu, "na mwenyewe akirudi kuiuliza?"

Apolline alimwekea turubai mikononi, akalipapasa mara moja kwa kiganja.

"Hatarudi," alisema. "Chukua, mvua inakuja."